Samaki wa Matope Mawili

Nilipoingia uani kwetu Walukuba na kukuta beseni moja badala ya mawili, nilijua Baba ameshafanya usafi. Askari magereza mstaafu havumilii kitu kikae uani bila kazi. Matope makavu ya mabeseni yote mawili alikuwa ameyachanganya, akayatia maji, akaketi kando akingoja nimshukuru. Akapata asante ya punda.

"Matope ni matope tu," aliniambia. "Mimi nasaidia wewe, wewe nakasirika."

Nilikasirika kweli, nusura nilie. Beseni moja lilikuwa na matope ya dimbwi la hapa Jinja, la pili ya dimbwi la Namatala, kule Mbale. Ndani yake mlikuwa na mayai ya samaki wadogo wanaoishi kwenye madimbwi ya mvua tu. Kiangazi kikija wazazi hufa, mayai hulala katika tope kavu mpaka mvua irudi. Madume wa Jinja ni wekundu, wa Namatala ni wa samawati, lakini majike wa kote wana rangi ya vumbi na huwezi kuwatofautisha. Na dimbwi la Namatala lilikuwa limejazwa kifusi, mtu anajenga. Matope yale ndiyo yaliyokuwa yamebaki.

Nilikuwa nasomea shahada ya pili Mbale, na mimi na mwalimu wangu tulikuwa hatuelewani. Yeye alisema rangi peke yake haitoshi, wale wa Namatala ni nususpishi tu, tawi la spishi ileile: wapewe jina la tatu nyuma ya majina mawili ya wenzao wa Jinja, basi. Mimi nilishikilia kwamba ni spishi kamili, yenye jina lake. Kama nilikosea, utafiti wangu wote haukuwa na kichwa wala miguu.

Nilimpigia simu kumweleza balaa la beseni. Akacheka.

"Madam, mzee amekufanyia jaribio zuri kuliko lako. Waache wazaane. Ukiona madume wa rangi ya katikati, ubishi wetu umekwisha."

Basi tukangoja. Walianguliwa, wakakua upesi, wakataga, tukaacha maji yakauke. Miezi yote ya kiangazi Baba alililinda beseni dhidi ya kuku wa jirani. Tulipolitia maji tena, kila Ijumaa nilikuwa njiani kurudi nyumbani, na gari likishaipita Busiu, nje kidogo ya Mbale, naanza kuhesabu vituo.

Jumamosi moja asubuhi rangi zilikuwa zimetoka. Nyekundu, samawati, nyekundu, nyekundu, samawati. Nikaleta tochi, nikainama mpaka pua ikagusa maji. Wa katikati hakuwepo hata mmoja! Walikuwa wamekaa beseni moja, hakuna aliyewatenga, na kila mmoja amemfuata wa kwao. Nilimkumbatia Baba nikaruka naye, maji yakamwagika, majirani wakachungulia. Sijawahi kufurahi vile.

Mwalimu alikubali, ingawa kwa masharti: tupime vinasaba, tuhesabu miiba ya mapezi.

"Na jina halisimami hewani," akasema. "Chagua dume mmoja, mzuri kuliko wote, umtie kwenye spiriti. Huyo ndiye atakayelibeba. Miaka mia ijayo mtu akibisha, ataenda kumtazama yeye."

Baba nilimweleza hayo yote, na dume nilimjua ni yupi. Dume mkubwa wa samawati aliyekuwa akipanda juu kila akiona kivuli cha Baba, maana Baba ndiye aliyemlisha viluwiluwi vya mbu kwa mkono wake. Nikashika kichujio cha chai, nikaanza kumfukuza mwingine, mdogo wake.

Baba akachungulia beseni.

"Hiyo hapana mzuri. Mkia yake nakatika." Akaninyang'anya kichujio, akamteka yule wake bila shida, maana hakukimbia. "Kama ni ya kusimamia wengine, chukua hii."

Aliishika chupa ya spiriti mwenyewe mpaka samaki akatulia. Kisha akanipa, akaenda mferejini kutafuta viluwiluwi vya waliobaki.