Ligi Imeisha, Makombe Hayaishi

Siku subira yangu ilipokatika nilikuwa nimechinja jogoo. Timu ya Barasa ilikuwa imefungwa nusu fainali huko Doha, na mimi huku Kimilili nilifurahi kuliko hao waliowafunga.

Barasa ni mume wangu. Ni soja, yaani mlinzi, kwenye jumba moja la ghorofa pale The Pearl, Doha, na ndiye golikipa wa timu ya kampuni yao katika ligi ya wafanyakazi inayochezwa kila Ijumaa. Aliondoka nikiwa na mimba. Mtoto mwenyewe, Nafula, sasa anakimbia na kutukana kuku. Mudir, ndivyo wanavyomwita bosi kule, alikuwa amesema wazi kwamba mchezaji hapewi likizo timu ikiwa bado kwenye mashindano, na joto kali likianza hakuna likizo ya mtu yeyote. Kwa hiyo nafasi ni ile kati ya mpira kuisha na joto kuanza. Ligi ikaisha. Likaja kombe la timu nne za juu. Wakafungwa. Nikasema khalas, yamekwisha, mwanamume anakuja, nikamshika jogoo.

Simu ililia jogoo akiwa bado jikoni. Barasa akasema wameingizwa Kombe la Faraja. Nikauliza hilo nalo ni dude gani. Akaeleza kwamba ni la wale waliofungwa nusu fainali pamoja na timu za katikati, ili nao wamalize msimu na kitu.

"Kwa hiyo ukishinda unacheza," nikamwambia, "na ukishindwa unacheza."

Nikamsikia akikuna ndevu.

"Baba Nafula, mimi nakuja huko."

Alicheka, akidhani ni maneno ya hasira tu. Hanijui vizuri, na atanijulia wapi? Tumekaa pamoja muda mfupi kuliko tuliokaa kwenye simu.

Kimilili, asubuhi ya kuondoka. Chama chetu cha akina mama kilinisaidia nauli, na mama mkwe aliuza ndama bila kuombwa na mtu. Alinifungia unga wa wimbi kwenye mfuko, akaukaza kamba mara mbili, akanituma kwa mwanawe: nimuulize kama hilo kombe linakamua ng'ombe. Shemeji zangu walicheka. Yeye hakucheka. Alimshika Nafula mikono yote miwili akamwambia aende amlete baba. Nafula akanyoosha kidole kwenye simu yangu. Kwake hiyo ndiyo baba. Hukibusu kioo kabla ya kulala, na chaji ikiisha hulia kama mtu amesafiri.

Ndani ya ndege. Nyuma yetu walikaa wasichana waliovaa fulana za rangi moja, wa ajenti mmoja, wakienda kufanya kazi za nyumbani. Walikuwa wanacheka kwa sauti hadi taa za Nairobi zikapotea chini. Mmoja aliomba ambebe Nafula kidogo. Akambeba, akamnusa kichwa, akanirudishia haraka na kugeukia dirisha. Sikumuuliza aliacha nani. Wanawake wengi ndani ya ile ndege walikuwa wameacha mtu. Mimi peke yangu, nafikiri, nilikuwa nimefuata.

Doha. Tulipotoka nje, hewa ilinigusa uso kama mvuke wa sufuria unapofunua ugali, na hiyo walikuwa wanaiita baridi. Alitupokea Redempta, mtoto wa shangazi yangu, nesi, ambaye ndiye aliyenitafutia viza ya kutembea. Anaishi na wenzake wawili huko Umm Salal. Akanieleza mambo nisije nikaaibika. Mume wangu analala Industrial Area, eneo la viwanda, chumba kimoja na wanaume wengine, na mwanamke hapiti lango la kambi yao hata awe mke, mama au malaika. Nitamwona Ijumaa, nje, kwenye kiegesho cha mabasi.

Nilisafiri umbali wote ule nikafika nikaambiwa nisubiri Ijumaa. Nikakaa Umm Salal nikifua nguo safi.

Ijumaa, kabla ya saa sita. Basi la kampuni lilikuwa limesimama kivulini. Barasa alitoka langoni akitembea haraka, kisha polepole, kisha akasimama. Amekonda shingo. Amepata mvi mbili tatu ambazo kwenye simu hazionekani. Nilikuwa nimeandaa matusi tangu Kimilili, yote kwa mpangilio, na hakuna hata moja lililotoka. Nikamsukumia mtoto.

Nafula alimtazama mtu huyo mrefu, akapiga mayowe, akanikumbatia shingo. Alipotulia kidogo akaanza kudai simu. "Baba," alisema, akivuta mkoba wangu. "Baba."

Wanaume waliokuwa karibu na basi waligeuka wakatazama mahali pengine. Barasa alipangusa uso kwa kiganja, kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alitembea hadi nyuma ya basi, akatoweka, na simu yangu ikalia. Ni yeye, kwa video. Nafula akaacha kulia pale pale. Akamwonyesha baba yake kiatu, akamwonyesha jino. Baba yake akamjibu, akiimba ule upuuzi wao wa kila jioni kuhusu panya na nyanya, na huku anaimba akaanza kuzunguka basi taratibu, simu mbele ya uso. Sauti ikaanza kuja kutoka pande mbili. Nafula akaangalia kioo, akaangalia basi, akaangalia kioo tena. Barasa akaishusha simu. Mtoto akanitazama mimi, kana kwamba nilikuwa nimemficha siku zote hizo, kisha akaenda mwenyewe.

Saa nane, kwenye kibanda cha karak. Hiyo ni chai ya maziwa yenye iliki, nzito, tamu kupita kiasi. Nafula alikuwa amelala begani kwa baba yake na Barasa alikuwa anakunywa bila kusogeza bega. Fainali ya Kombe la Faraja ilikuwa saa kumi. Nikamwambia waziwazi.

"Leo fungwa."

"Mama Nafula."

"Acha mpira upite. Mara mbili tu. Jumatatu uombe likizo."

Alitazama kikombe. Nikamuuliza kama hawana kipa mwingine. Akasema yupo, mpishi wa kambi, lakini mpishi akiona mpira unakuja hufumba macho. Nikamwambia macho ya mpishi si shida yangu. Akasema vijana wamemwamini, wengine wametoka kwenye zamu ya usiku wakaja kucheza bila kulala, na hawezi kuwauza. Nikauliza na sisi ametuuza kwa nani. Akanirudishia mtoto akaenda kuvaa.

Uwanjani. Ni kiwanja cha changarawe kati ya gereji na yadi ya malori, mistari ya chokaa, goli halina wavu upande mmoja. Wanawake tulikuwa mimi na Redempta tu. Lakini kulikuwa na spika, na aliyeishika alikuwa katibu wa kamati ya makombe, Mganda, dereva wa basi la wafanyakazi. Wote wanamwita Ssalongo, jina la heshima la baba wa mapacha kwao. Alisoma majina ya wachezaji mmoja mmoja, jina la baba na jina la babu, na kila mtu aliyesomwa alinyoosha mkono na wenzake wakapiga makofi.

Nilikaa juu ya tairi kuukuu nikiomba goli liingie kwetu. Halikuingia. Dakika za mwisho, wakiwa sare, mwamuzi akatoa penalti dhidi yetu, nami nikasema moyoni asante Mungu, umekumbuka Kimilili. Mpigaji alikuwa fundi wa mabomba mwenye mapaja kama nguzo. Barasa alisimama na glavu zake zilizoshonwa kwa uzi wa gunia, akaruka kushoto, akaushika mpira. Hakuupangua. Aliushika, akaukumbatia kifuani.

Na mimi nilikuwa nimesimama juu ya tairi nikipiga kelele. Redempta alinitazama, akasema, "Si ulikuja kumfanya afungwe?" Nikamwambia anyamaze.

Wakapiga mpira mrefu, wakapata kona, wakafunga. Kipenga kilipolia walimbeba. Sijawahi kumwona na uso ule, wala kwenye simu, wala siku ya harusi yetu. Nikautaka uso ule uwe mlangoni kwangu jioni, unauliza chakula kiko wapi. Hasira yangu haikupungua. Iliongezeka, kwa sababu sasa nilijua ninanyimwa nini.

Ssalongo akashika spika, akatangaza kwamba waliofika kileleni mwa Kombe la Faraja sasa watakutana na walioshinda makombe mengine, katika Kombe la Mabingwa wa Makombe.

Nilimfuata hadi kwenye meza yake. Nikamuuliza kama yupo mtu yeyote Doha nzima ambaye mpira wake huisha. Alinipa kiti na maji, mtu mwenye adabu sana. Akasema timu za mwisho nazo zilikuwa zikilia, ndiyo maana zikapewa Kombe la Matumaini. Nikamwambia kombe ambalo kila mtu anaingia ni foleni, si kombe.

"Nyabo," akasema, neno lao la kumheshimu mwanamke, "wewe unaona makombe. Sisi tunaona Ijumaa. Kombe likiisha, Ijumaa ni kufua na kulala. Huko kwenye kazi hakuna anayekuita jina. Hapa linasomwa kwenye spika."

Ilikuwa kweli, na iliniuma. Nilikuwa nimeyasikia yale makofi. Nikamuuliza mapacha wake wako wapi.

"Kwetu Masaka."

"Wanakuita nani?"

Alizungusha kifuniko cha chupa mpaka kikakaza, akakifungua tena. Mwisho akasema, "Kama una lalamiko, andika. Kamati haisikii ya mdomo." Sijui kama alikuwa ananifukuza au ananielekeza. Nilichukulia kwamba ananielekeza.

Wiki hiyo niliandika nikiwa Umm Salal, Redempta akanichapia kazini kwao. Ijumaa iliyofuata, siku ya ndege yetu, nilirudi kwenye kile kiwanja. Ssalongo alisoma yote kimya, akagonga mhuri wa kupokea, akasema panahitajika shahidi. Redempta akafungua mkoba kutafuta kalamu. Wakati huo Barasa alikuwa amesimama nyuma yetu, wachezaji wenzake wakipasha misuli. Akavua glavu, moja, nyingine, akanipa nishike. Akaomba kalamu.

Safari ya kurudi sina mengi ya kueleza. Mtoto alilala. Mimi nilishika glavu moja ambayo nilisahau kuirudisha, na sijui walicheza vipi siku hiyo. Labda alidaka mpishi.

Nyumbani. Nilichojifunza ni hiki: makombe ni mengi mno, nasema hivyo na sitabadilisha, na wanaoyacheza hawana kosa. Mtu akikosa nyumbani hutafuta mahali jina lake litakaposomwa. Kosa ni la anayefunga likizo ya mtu kwenye mpira usio na kipenga cha mwisho. Nafula naye amejifunza lake. Simu ikilia jioni hakibusu kioo tena. Anasikia sauti, anaiacha simu mkekani ikiimba ya panya na nyanya, na anakimbia kuangalia nyuma ya nyumba.

Jibu la kamati halijaja. Nakala ya barua yangu ndiyo hii:

KWA KATIBU, KAMATI YA MAKOMBE YA WAFANYAKAZI

YAH: MALALAMISHI KUHUSU MAKOMBE YA BAADA YA LIGI

Mimi ni mke wa golikipa. Nalalamika rasmi kwamba ligi yenu ikiisha haiishi. Anayeshinda ana kombe, anayeshindwa ana kombe, na asiyefanya lolote pia ana kombe. Kwa kuwa mnakubaliana na kampuni kwamba mchezaji aliye mashindanoni haendi likizo, na kwa kuwa mmehakikisha hakuna asiye mashindanoni, mume wangu hawezi kurudi kwa kushinda wala kwa kushindwa.

Siombi mfute Ijumaa za watu. Chezeni. Someni majina. Naomba baada ya ligi kila mchezaji aulizwe yeye mwenyewe kama anaendelea au anakwenda kwao, na akisema anakwenda, kamati imwandikie mudir barua siku hiyo hiyo. Mfundisheni mpishi kufumbua macho.

Naomba jibu kabla ya joto.

Mlalamikaji: Mama Nafula, Kimilili.

Shahidi: Barasa, golikipa. Hayo ni kweli. Nami nataka kwenda nyumbani.