Kijiji cha Madame na Mto Wangu

Siku yangu ya kwanza kwa Madame, kule Plano, huku ughaibuni, msimamizi wetu alinisimamisha mlangoni akanipa sheria moja kabla hata sijavua koti. Alikuwa Mkenya, mwenye sauti ya mwalimu wa zamu.

"Mama Neema, huyu client ameanza kusahau. Usim-correct. Akisema ni asubuhi na wewe unaona ni jioni, basi ni asubuhi. Mfuate huko aliko. Tumeelewana?"

"Ndiyo, dada. Mi sitamubishia."

Ninyi mnaoingia kazi hii ya kutunza wazee leo mnafundishwa kwa video. Sisi tulifundishwa na migongo yetu. Nilianzia kwenye nyumba ya wazee Euless, ndege zikipita juu ya paa. Nikajifunza kumfunga mzee mkanda wa kiunoni, ule wa kumshikia anapoinuka, na kumgeuza mgonjwa wa kitandani mapema, ngozi isije ikaoza kwa kulalia upande mmoja. Plano nilipelekwa kwa sababu moja tu, Kifaransa nilichosoma kwetu. Madame alikuwa Mswisi, na Kiingereza kilikuwa kinamtoka kichwani.

Jamani, huyo mama na kijiji chake! Ninamvisha soksi za kubana, zile za kuzuia miguu kuvimba, yeye anasimulia. Kijiji kidogo cha mpakani, Ufaransa ng'ambo, kijito katikati. Wakulima wa kwao walikata nyasi za ng'ombe nchi ya watu, wakarudi kula mchana nchi yao. Bibi yake alivusha kahawa chini ya sketi, na mlinzi wa forodha, aliyekuwa binamu yake, akageuka kutazama milima. Wakati wa vita waliwekewa seng'enge. Vita vilipoisha waliiviringisha wakajengea banda la kuku. Na kila mwaka watu wa pande zote mbili walitembea pamoja kukagua mawe ya mpaka, wahakikishe hakuna aliyeyasogeza, halafu wakala jibini meza moja. Nyumba yao bado ipo, na jina la ukoo limechongwa juu ya mlango.

Wivu ulinikaba. Nautaja kwa jina lake, sina haya. Mimi pia ni mtoto wa mpakani, ukingoni mwa mto Ruzizi, na Burundi ni ng'ambo tu. Sisi pia tulivuka kwenda harusini. Mama yangu naye alificha sukari ndani ya kitenge. Lakini vita vyetu havikuacha hata mlango wa kuchongea jina. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Mimi sikukataa kwetu, nilifukuzwa. Aliponionyesha picha ya ile nyumba nilisema ni nzuri, nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Miaka ikaenda, na kijiji kikamtoka Madame kichwani. Sasa yeye ndiye akawa ananiomba, "Nisimulie kwetu." Nilikijua kuliko watoto wake. Nikamsimulia mawe, nyasi, kahawa. Siku moja akauliza, "Na mtoni je?" Mto wake sikuwahi kuuona. Nikampa wangu. Nikampa wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wa kwetu, mchangani, watoto wanaofukuza ndege kwenye mpunga kwa kugonga makopo, na mama yangu akiniita kutoka ng'ambo. Alifumba macho, akatabasamu. Kesho yake akauomba tena.

Kisha binti yake akaja kutoka Houston na binamu aliyetoka kijijini kwenyewe. Binamu alileta jibini. Madame akalisukuma kando.

"Ndagala ziko wapi? Zile za mchangani?"

Binamu akacheka. "Kwetu hakuna samaki hao. Wala mchanga."

Binti akanigeukia. "Umemwambia nini mama yangu?"

Nikajua kazi ndiyo hiyo imeota mbawa. Binti alimpigia simu msimamizi, naye akafika akamkuta Madame amening'ang'ania mkono. "Wanasema mto haupo!" Msimamizi aliwasikiliza wote, akanitupia jicho kali, kisha akamwambia binti kwa upole, "Hapa hatumbishii. Tunamfuata aliko."

Binti akapiga magoti mbele ya kiti. "Mama, niambie kuhusu mtoni."

Madame akamwambia yote, hata makopo hakuyasahau. Nilisimama nyuma ya kiti nikisikiliza kijiji changu kikisimuliwa kwa mtoto wa mtu mwingine, na mtoto analia. Wivu niliousikia siku hiyo ulipita ule wa kwanza.

Sikufukuzwa. Nilikaa na Madame mpaka alipofumba macho mara ya mwisho. Sasa nimestaafu, naishi na mwanangu mtaa wa Vickery Meadow. Wajukuu nikiwaanzia habari za mto wananijibu, "Okay, Bibi, later," macho kwenye simu.

Binti wa Madame hunipigia kutoka Houston. Wanawe wanataka kusikia habari za mto wa bibi yao, ndivyo wanavyouita. Nawasimulia. Kila mara wananiuliza mto huo unaitwaje, na hilo siwaambii. Jina nimewawekea wajukuu zangu, siku watakayouliza.