Kijerumani cha Mama

Juzi ndani ya basi la Tooting, hapa London, mwanamke mmoja alikuwa akijifunza Kijerumani kwa sauti ya chini, nikamkumbuka mama. Nilipokuwa mdogo, baba alikuwa ametangulia Ujerumani kutafuta kazi, nasi tulimngojea London aje kutuchukua, katika chumba kilichonuka mafuta ya taa. Mchana mmoja mama alisoma kitabu chake cha Kijerumani kwa sauti, akiyumbayumba kama tulivyosoma Kurani chuoni Unguja. Nilidhani ni dua, nikajitanda mtandio, nikawa naitikia, "Amin."

"Si dua hii, mwanangu," alisema akicheka. "Mtu anauliza njia ya stesheni."

"Basi soma ya kumleta baba."

Akaacha kucheka. Sikujua kwamba barua za baba zilikuwa zimekatika. Aliinua mikono miwili kuomba, nami nikangoja nisikie cha kuitikia.