Mitalawanda ya Marehemu Kibwana

Kwa miaka zaidi ya ishirini Mwaija binti Mbaruku aliwasema watu uani kwake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia. Si kwamba alisema kwa kunong'ona. Mtaa mzima pale Bagamoyo ulijua kuwa Mwaija akishika ukili wake kusuka, mdomo humaliza kazi kabla ya mikono. Aliwasema mashoga zake, akawasema wakwe za mashoga zake, na siku ikikosa habari alimsema mumewe. Kilichomlinda ni mitalawanda.

Siku hizi ukimtajia mtoto neno hilo anakutazama tu. Mitalawanda ni viatu vya mti: kibao kimechongwa kwa kipimo cha unyayo, chini kina vigingi viwili, na mbele kimesimama kijiti chenye kichwa cha duara ambacho mtu hukibana kwa vidole vya mguu. Kijiti hicho ndicho msuruaki. Hakuna ukanda wala gidamu. Asiyevijua humwangusha, na anayevijua huenda navyo ko, ko, ko, hata jirani wa nyumba ya tatu akajua bwana fulani anakwenda kuoga.

Kibwana, mume wa Mwaija, kuvichonga ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alimwoa mwaka 1927, akiwa na tezo moja, patasi mbili na keekee ya kutobolea, na miti yake aliifuata mwenyewe mpaka Kiwangwa. Alichongea barazani, na Mwaija aliwashia moto vibanzi vyake. Wakati huo nyumba yenye heshima haikukosa jozi tatu nne zimepangwa ukumbini. Mwanamume akitoka mjini aliacha makubadhi yake nje, akateka maji mtungini kwa kata ya kifuu, akanawa miguu, kisha akavaa mitalawanda ndiyo akapita ndani. Mgeni hupiga hodi, lakini mwenye nyumba hapigi hodi kwake, mitalawanda ilimpigia.

Uani huko nyuma wanawake walizisoma hatua hizo kuliko unavyosoma barua. Kibwana mguu wake wa kulia ulikuwa mzito, shemeji yake alikuwa na haraka, na baba mkwe aliburura. Ko ya kwanza ikisikika ukumbini, kanga zilipanda vichwani, na habari ya mume wa mtu ikageuka hapo hapo ikawa habari ya mihogo. Mwanamume alipotokeza mlangoni alikuta watu wa Mungu wanasuka ukili wao.

Na Kibwana hakuwa mjinga. Mara nyingi alifika mlango wa uani akasimama, akapigapiga mguu mahali pamoja kama mtu anayekung'uta mchanga. Siku moja Mwaija alimuuliza ana nini. "Nawapa nafasi mmalize kunisengenya," akasema, akaenda zake chooni. Mwaija alicheka mpaka machozi. Walikaa pamoja miaka ishirini na moja bila kuachana hata siku moja, na ukiniuliza mimi, nusu ya ndoa hiyo ilisimama juu ya vile vibao.

Kisha vita vikaja, vita vikaisha, na malori yakazidi barabarani. Pakawa na matairi yaliyochakaa, na watu wakajifunza kuyakata wakashona katambuga. Katambuga haina adabu ya kuvuliwa mlangoni. Mtu huivaa sokoni, akaingia nayo ukumbini, akaenda nayo mpaka jikoni. Haisemi kitu. Mwaka wa mwisho wa uhai wake Kibwana alikaa barazani na jozi kumi na moja zimetungwa kwenye kamba, na watu wakapita wakamwamkia vizuri sana, wala hakuna aliyenunua. Alikufa mwaka 1948. Watu husema ni kifua. Mwaija alisema ni matairi, na hilo alilisema kwa uchungu wa kweli, maana alikuwa amemwona akizichukua zile jozi moja moja na kuzipaka mafuta ya nazi, zisije zikapasuka kwa kukosa miguu.

Baada ya hapo kila kilichoondoka kilimwongezea Mwaija hasira. Kata ya kifuu imekwenda, limekuja kopo la bati linalonuka kutu. Mtungi umekwenda, limekuja debe, na maji ya debe yana moto toka asubuhi. Lakini hivyo vyote alivisema kwa kupita. Alipofika kwenye mitalawanda aliacha kusuka.

Mtoto wao alikuwa mmoja, Dija, na mwaka 1950 Dija aliolewa na Abdala, utingo wa lori lililoleta korosho na mananasi kutoka Kiwangwa. Kwa kuwa Mwaija alikuwa peke yake, Abdala alikubali wakae kwake. Alikuwa kijana mpole, hali chakula mpaka aulize kama mkwewe amekula. Ila alivaa katambuga alizozikata mwenyewe, na wiki ya pili tu aliingia uani akamkuta mkwewe kichwa wazi, anachana nywele. Kwa watu wa pwani jambo hilo si dogo. Abdala aligeuka akatoka kinyumenyume, na Mwaija siku hiyo hakula.

Akamtuma Dija kwa mumewe: humu ndani wanaume huvaa mitalawanda. Abdala akasema mama ana haki. Akapewa jozi ya marehemu Kibwana mwenyewe, akajifunza, akaanguka mara mbili, akazoea. Nyumba ikarudi kusikika kama zamani, na Mwaija akamwambia Chausiku, shoga yake wa nyumba ya pili, kwamba sasa amepata mwana. Haikutimia miezi miwili, msuruaki wa mguu wa kulia ukavunjika.

"Nitampelekea Wilbrodi, seremala wa misheni," Abdala akasema. "Ni kazi ya dakika, mama."

"Kazi ya Kibwana haiguswi na mkono wa mtu mwingine."

"Basi nivae zile nyingine, za kwenye kamba?"

"Zile ni kumbukumbu yangu, mwanangu."

Akaifunga ile jozi kwenye kanga, akaitia sandukuni pamoja na nyingine zote. Abdala akarudi kwenye katambuga zake, na ukumbi ukanyamaza. Nalitaja hili mapema kwa sababu baadaye Mwaija hakulitaja kabisa.

Mwaka 1952 Dija akajifungua mtoto wa kike. Abdala alitaka aitwe Kibibi, jina la bibi yake mzaa baba. Mwaija akamuuliza Dija bibi huyo ni wa wapi, wa ukoo gani, mbona siku ya arusi kwa upande wa bwana alitokea mjomba mmoja tu kutoka Zinga. Mwaija ndiye aliyekuwa akimkanda mzazi, asubuhi na jioni, kwa maji ya moto na kitambaa, na kila alipomkanda alimuuliza. Dija alikuwa dhaifu, ana homa ya maziwa, analia bure. Siku ya tisa akasema. Bibi yake Abdala alikuwa ameletwa Bagamoyo kutoka bara akiwa msichana, na kamba shingoni, akauzwa. Na Abdala hilo alimwambia mkewe tu, hakupata kumwambia mtu mwingine duniani. Mwaija akaapa kwa kaburi la Kibwana kwamba halitatoka. Kisha akalikataa jina, na mtoto akaitwa Mina.

Alilishika neno hilo miaka miwili. Tumpe haki yake, kwa mtu kama Mwaija miaka miwili ni mingi.

Siku lilipotoka ilikuwa saa tisa mchana. Dija alikuwa kisimani na mtoto. Chausiku amekuja na ukili wake, anasuka na kumsifu Abdala: mkweo ana adabu, mkweo ametulia, mkweo utadhani ametoka nyumba ya masharifu. Alisifu mno. Mwaija akaona anasifiwa mtu mwingine uani kwake, na mtu ambaye yeye anamjua.

"Nyumba ya masharifu," akasema. "Shoga, yule kwao hata hakujulikani. Bibi yake alishushwa hapa na kamba shingoni kama mbuzi. Mwanangu mimi, mjukuu wa Mbaruku, nimemtia mikononi mwa mjukuu wa mtumwa, na mwenyewe anavyotembea utasema ameununua mji."

Akacheka. Chausiku hakucheka, alikuwa anatazama mlango. Mwaija akageuka. Abdala amesimama na kikapu cha mananasi begani, na hakuonekana mtu aliyefika sasa hivi. Akakitua kikapu chini polepole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Mwaija akajibu, maana ulimi ulizoea.

"Alikuwa na jina, mama. Aliitwa Kibibi."

Dija aliporudi na maji alimkuta mumewe chumbani anafunga nguo zake. Alimwambia neno moja tu, kwamba nilikwambia wewe. Kabla ya magharibi alileta wazee wawili, akampa talaka moja, akambusu mtoto, akaenda Zinga kwa mjomba wake.

Talaka moja ina mlango. Eda isipokwisha mume anaweza kumrejea mkewe kwa kauli tu, bila mahari wala arusi mpya. Dija alilijua hilo kama kila mwanamke anavyolijua, na mwezi wa kwanza alingoja bila kusema. Mwezi wa pili akamwambia mama yake.

"Hakuniacha kwa maneno yako, mama. Ameniacha kwa kuwa anadhani nilikwenda kukusimulia kama hadithi. Nenda ukamwambie ulivyonibana. Nilikuwa kitandani, nina homa, ukanibana siku tisa. Akilijua hilo atanirejea. Namjua."

"Nitakwenda."

"Useme hilo tu."

Ikapita wiki, ikapita ya pili. Mwaija alikuwa na mguu unauma, kisha mvua, kisha msiba wa jirani. Wakati huo huo kila aliyefika kumpa pole alimwambia jambo moja: ni katambuga. Enzi ya Kibwana jambo hili lisingetokea. Mtu angesikika toka ukumbini, kinywa kingefungwa, na leo mwanangu yuko na mumewe. Wanawake waliitikia, wakakumbuka mitalawanda ya baba zao, wakalia kidogo. Alilisema mara nyingi hata likamkaa vizuri mdomoni. Zilipobaki kama wiki mbili eda iishe, Dija alimwekea viatu na mwavuli mlangoni bila neno, na Mwaija akaenda Zinga.

Alimkuta Abdala nje ya nyumba ya mjomba, anamenya mihogo. Abdala akainuka, akamwamkia, akamletea kiti na maji ya kunywa. Akamuuliza Mina hajambo. Mwaija njia nzima alikuwa amelishika lile neno, nilimbana akiwa na homa, maneno manne tu. Akanywa maji. Akainamisha macho atafute pa kuanzia, akaziona zile katambuga miguuni kwa Abdala.

"Mwanangu," akasema, "mimi sitetei ubaya. Lakini hivi viatu ndivyo vilivyotuharibia nyumba. Marehemu baba yako Kibwana alikaa na mimi miaka ishirini na moja, hakusikia neno baya hata moja. Ungekuwa na mitalawanda mguuni usingesikia."

Abdala aliweka kisu chini.

"Ningekuwa na mitalawanda ungelisema, mama, halafu ungenikaribisha chakula."

Mwaija akayamaliza maji yake.

"Mimi hilo la kusemwa nimelizoea toka utoto," Abdala akasema. "Nilidhani kuna nyumba moja ambayo sisemwi. Hilo ndilo linaloniuma." Akangoja kwa adabu ile ile. "Kuna lingine, mama?"

Lilikuwapo, na liko kinywani. Lakini kulisema ni kukubali kwamba si tairi wala mti. Kwamba kosa lilianza kwenye mikono yake, juu ya tumbo la mwanawe, na kitambaa cha moto. Yeye aliyekuwa amesema yote ya watu wote, hili moja la kwake lilimshinda.

"Hakuna," akasema. "Nilikuja kukujulia hali."

Abdala akamsindikiza mpaka barabarani, akambebea mwavuli.

Dija alikuwa ukumbini, amesimama.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Ulivyonibana? Kwamba mimi sikutaka kusema?"

"Nimemwambia yote, mwanangu."

"Akasemaje?"

"Amesema atafikiri."

Dija akakaa chini akalia, na ilikuwa ni kulia kwa furaha. Kuanzia siku ile alifagia chumba kila asubuhi, akatandika shuka safi. Alasiri alimwogesha Mina, akamvalisha gauni, akakaa naye ukumbini mlango wa mbele wazi, wakitazama njia ya kutoka Zinga. Mwaija aliwaletea chai. Alikuwa na siku kumi na nne za kurudi Zinga, au za kusema pale pale kwenye mkeka kwamba hakusema. Kila siku alikusudia, na kila siku aliweka vikombe akarudi uani.

Eda ikaisha siku ya Jumatano. Alhamisi, alasiri, Dija akamwogesha mtoto, akamvalisha gauni, akatoka naye ukumbini.

"Dija, mwanangu," Mwaija akasema, "eda imekwisha jana."

"Najua, mama," Dija akasema. "Huenda bado anafikiri."