Mikono Iliyorudishwa Getini

Mama alipooza upande wa kulia nilipokuwa nimemaliza mwaka mmoja kiwandani, nikikata minofu ya sangara kama kibarua. Sikusomea uuguzi, shule niliishia kidato cha pili. Namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumchubua nilijifunza kwenye video za simu. Niliandika kila hatua kwenye daftari, na nikikosea neno moja nilichana ukurasa, nikaanza upya. Ndivyo nilivyo. Hata mlango nikishaufunga, narudi kuutikisa mara mbili.

Kiwandani, kwenye meza ya kukatia minofu, nilisimama jirani na dada mmoja ambaye naye alikuwa akimuuguza mumewe. Nilimwonyesha jinsi ya kuweka mto katikati ya magoti. Yeye alinionya nipunguze dawa ya madoa kwenye mashuka.

"Mdogo wangu, unafua shuka la mgonjwa au la bibi harusi?"

Nilicheka, lakini sikumsikiliza. Niliogopa majirani waseme kwetu kunanuka. Nilifua mpaka macho yakawasha, nikaanika juu ya mawe nyuma ya nyumba, na nikiona kivuli cha doa nilirudia.

Kila asubuhi getini tulinyoosha mikono. Msimamizi aliangalia kucha, kisha viganja, kwa sababu mwenye kidonda au ngozi iliyopasuka haruhusiwi kugusa samaki. Nilikuwa sijawahi kurudishwa, na nilijivunia hilo kupita kiasi.

Asubuhi ile vidole vyangu vilikuwa vimepasuka kwenye maungio. Nilipaka mafuta nikidhani yataficha. Yakaifanya mipasuko ing'ae. Msimamizi akaniambia niende nyumbani, nirudi nikipona. Kwa kibarua maana yake ni moja: nafasi yako mezani inachukuliwa na anayefuata kwenye mstari. Mimi na mama hatukuwa na kitu kingine cha kutuweka mjini.

Nyuma yangu alikuwa yule dada. Mikono yake niliijua, tulikuwa tukilinganisha wakati wa chai. Nikasema, "Mbona na yeye amepasuka? Mwangalie."

Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi, nikijaribu kuipunguzia ubaya. Haipungui.

Msimamizi akamwangalia, akaona. Lakini yule dada alikuwa na mkataba. Alipelekwa kukunja maboksi mpaka apone, mshahara wake palepale, na baadaye nilisikia kwamba mchana aliruhusiwa kwenda kumgeuza mumewe. Mimi nilibaki nje ya geti nikiwa na ndoo yangu ya chakula. Alipita bila kunitazama.

Jumapili alikuja kwetu. Alimwamkia mama, na mama akaitikia marahaba kwa upande wa mdomo unaofanya kazi. Kisha akatoa kopo la dawa ya ngozi aliyopewa na mganga wa kiwanda, ambaye vibarua hatukuwa na haki ya kumwona, akanichotea nusu kwenye kisahani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, nimeyakariri tangu asubuhi. Akaniwahi.

"Ungenigusa tu bega," alisema. "Ningenyoosha mikono mwenyewe, niwaambie tupelekwe wote kwenye maboksi. Mimi wasingenifukuza."

Sijui kama wangekubali. Sijui, na hilo ndilo linaloniamsha. Nilimshukuru kwa dawa, nikamsindikiza mpaka barabarani, tukazungumzia mvua.

Mikono ilipona baada ya wiki tatu. Msimamizi aliigeuza huku na huku, akasema ni safi kabisa, ila nafasi hakuna.

Sasa nachambua dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni, ambako hakuna anayekagua mikono na hakuna anayekuruhusu kwenda nyumbani mchana. Naondoka alfajiri baada ya kumlaza mama kwa ubavu wa kushoto, mto mahali pake, shuka limenyooka. Kumgeuza kunatakiwa kila baada ya saa mbili. Niliandika mwenyewe kwenye daftari. Nikirudi jioni namkuta kwa ubavu uleule, ananiangalia, na kabla sijauliza ananiambia haumii.