Chupa Si Sufuria

Soko zima la Masii linajua kwamba Munyiva hasemi uongo juu ya chungwa. Akikwambia hili lina maji, lina maji. Akikwambia lile ni kali, liache, au linunue ukijua utalikamulia kwenye chai ya kikohozi. Ameuza machungwa na malimau miaka ishirini na minane akiwa amekaa mahali palepale, kando ya posho mili, mashine ya kusaga mahindi, juu ya gunia lililokunjwa mara nne, na wale waliokuwa wanunuzi wake wa kwanza siku hizi wanatuma wajukuu.

Siku ya soko hutoka nyumbani alfajiri, maana wakulima hushusha magunia mapema na anayechelewa hupata yaliyobaki. Hilo halikuwahi kumsumbua. Kilichokuja kumsumbua ni dawa ya mumewe.

Mumewe ni Kitonga. Alivunja mawe katika machimbo ya Mlolongo miaka thelathini, kisha akarudi nyumbani kutunza michungwa kumi na minne anayoijua mmoja mmoja kama watoto. Ni mtu mpole, wala si mvivu. Huchota maji, hufua nguo zake, hupasua kuni akazipanga mlangoni pa jikoni. Lakini pale mlangoni ndipo miguu yake hugota. Kitonga hafunui sufuria. Marehemu mama yake alimfunza akiwa mdogo kwamba mwanamume anayefunua sufuria amemwaibisha mkewe, ni kama kutangazia majirani kuwa kwake halishwi. Wengi wa rika lake walilelewa hivyo. Wengine wamesahau, yeye hajasahau.

Basi alipopatikana na ugonjwa wa sukari, akapewa dawa ya kumeza saa moja asubuhi pamoja na chakula, Munyiva akawa anamwachia nduma zilizochemshwa, ndani ya sufuria, zimefunikwa. Asubuhi moja jirani yao Kavata alikuja kuomba ungo, akamkuta Kitonga ameketi chini mlangoni, jasho linamtiririka, maneno yamemlegea ulimini. Dawa alikuwa ameimeza. Chai ya thermos alikuwa ameinywa. Sufuria ilikuwa hatua sita kutoka alipoketi, na kifuniko chake hakikuwa kimeguswa.

Hospitalini waliambiwa kwamba dawa bila chakula imeshusha sukari mno, na kwamba siku nyingine huenda Kavata asihitaji ungo. Munyiva alijaribu kila njia. Alipompakulia kabisa kwenye sahani, nduma zilikauka zikawa kama mawe ya Mlolongo, akawapa kuku. Uji wa kwenye thermos alisema unanuka kizibo. Kumgombeza hakusaidii, ukimsukuma Kitonga, unamfunga. Ndipo Munyiva akakata shauri moyoni: mume akianguka tena, mahali pale pa posho mili atamwachia Ndunge, muuza maembe wa pembeni yake, naye atakaa nyumbani. Hakumwambia mumewe. Alimwambia binti yake Nzilani kwenye simu.

Jumamosi Nzilani alifika kutoka Mlolongo, ambako amepanga chumba na anafanya kazi katika bohari moja. Alikuwa na pakiti ya mbegu nyeusi, ndogo kuliko mawele.

"Mwaitu, hii ni chia," akamwambia mama yake. "Unakoroga jioni, asubuhi unapata imeiva yenyewe. Haijui moto."

Munyiva alizimwaga kiganjani, akauliza kama ni za kupanda ama za kula. Nzilani akamweleza kwamba yeye mwenyewe hutoka nyumbani gizani, na hicho ndicho kifungua kinywa chake: vijiko vitatu vya mbegu, kikombe cha maziwa, maji ya chungwa, na ganda lake kidogo likiwa limeparuzwa ili linukie. Sukari haitiwi. Tena kwa sababu ya dawa za baba, aliuliza kwanza kule kliniki, wakasema sawa.

Mara ya kwanza Munyiva aliharibu. Katika nyumba ile maziwa hayanyweki kabla hayajachemka, kwa hiyo aliyachemsha, akayamimina yakiwa moto, akakamulia chungwa juu. Yalikatika palepale, mabonge huku na maji kule. Mara ya pili aliacha yapoe, lakini akaweka limau, na kwa vile hana friji, kufikia asubuhi yalikuwa yameharibika tena. Kuku walinenepa wiki ile.

Alikaa akafikiri kama muuza machungwa. Chungwa linagandisha maziwa, ndiyo. Lakini maziwa yaliyokwisha kuganda, chungwa litayafanya nini? Akachukua mala, yale ya kwenye kibuyu, mazito. Akatia mbegu, akakoroga, akangoja kidogo akakoroga tena zisishikane, akakamulia chungwa moja zima na kuparuza ganda. Akafunga kwenye chupa ya jamu na kuisimamisha ndani ya karai la maji baridi. Asubuhi akaonja. Akaonja tena.

Kitonga aliishika ile chupa akaiinua kwenye mwanga. "Mama Nzilani, haya mayai ya chura umeyachota bwawa gani?"

Munyiva akamjibu kwamba chura huyo ameshinda kutwa juu ya michungwa yake Kitonga. Mzee akacheka, akairudisha chupa mezani. Hakuonja.

Siku ya soko ikafika. Munyiva aliacha chupa mezani, kijiko juu ya kifuniko, dawa kando. Saa mbili alipiga simu, haikushikwa. Akapiga tena, na tena. Kavata alikuwa amekwenda kwa dada yake. Mnunuzi mmoja akamwuliza bei mara mbili, Munyiva asimsikie.

"Nenda," Ndunge akamwambia. "Nitakuuzia. Lakini jua nitakalia hilo gunia lako, na mimi nikikaa sitoki haraka."

Ulikuwa utani, na siku nyingine Munyiva angeurudisha. Leo alipanda pikipiki bila kuaga, na njia nzima aliliona lile gunia na mtu mwingine juu yake, akaona ni sawa, walichukue, bora mzee awe amesimama.

Nyumbani mlango ulikuwa wazi, na kiti kilikuwa kitupu. Chupa haikuwa mezani. Aliita mara moja, akazunguka nyuma ya nyumba.

"Kwani soko limefungwa?"

Kitonga alikuwa katikati ya michungwa, ameinama, chupa mkononi, anaisuuza kwa maji ya kopo. Simu, alisema, iko ndani inachaji. Munyiva alimwuliza kama amekula. Mzee akainua ile chupa tupu.

"Sufuria sikugusa," akasema. "Hii ni chupa. Chupa nimefungua maisha yangu yote."

Munyiva aliketi chini palepale penye majani makavu, akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Kitonga, ambaye hakujua ameokoa nini, aliendelea kumweleza kwamba chungwa alilotumia ni la mti wa chini, halina nguvu. Chakula kile kinataka la mti wa juu kule penye mawe.

Munyiva aliporudi sokoni, Ndunge alikuwa amekalia gunia kweli, na machungwa nusu yameuzwa. Aliinuka polepole kwa makusudi, akilalamika kwamba ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuzoea.

Jioni ya kuamkia siku ya soko iliyofuata, Munyiva alitoka kufunga mbuzi akamkuta mumewe ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni, bakuli mapajani. Alikuwa amechukua mkebe wa zamani, akautoboatoboa kwa msumari, na sasa anaparuzia ganda la chungwa kwa nguvu za mvunja mawe.

"Hapa hakuna moto," akasema kabla hajaulizwa. "Pasipo na moto si jikoni."

"Mimi sijasema kitu, Baba Nzilani."

"Nimeona macho yako."

Miguuni pake kulikuwa na chupa mbili. Moja yake, moja ya kwenda sokoni.

Kulipopambazuka Munyiva alikuwa juu ya gunia lake, na wateja hawajajaa. Akafungua chupa. Ganda lilikuwa jingi mno, uchungu ukamshika mpaka masikioni, na katika kijiko cha tatu alikutana na kokwa. Ndunge akamwangalia anavyokunja uso akamwuliza anakula nini kinachompiga namna ile. Munyiva akasema kiko sawa, akala mpaka akakwangua pembeni.

Jioni Kitonga alimngoja getini, kitu ambacho si kawaida yake. Alipokea kikapu, akatazama chupa tupu.

"Ilikuwaje?"

"Tamu," akasema Munyiva.

Na huo ndio uongo wa pekee aliowahi kusema juu ya chungwa.