Wimbo Uliopita Kwenye Kamba

Khhhhh, kama maharagwe yakimiminwa kwenye ungo, halafu ghafla kimya. Sauti hiyo ninayo mpaka leo. Ilitoka kwenye kipaza sauti kilichofungwa juu ya mlingoti, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa tulikoishi, Ruiru. Karani alikuwa ndani ya ofisi yake akiitafuta stesheni, na mkwaruzo ulipokatika, sote tulijua imepatikana.

Wenzangu walingoja habari na nyimbo. Mimi nilikipenda kile kimya. Kilikuwa kama mtu aliyevuta pumzi kabla ya kusema.

Aliyenieleza maana yake ni baba mdogo. Yeye alifanya kazi katika shamba la mkonge, Thika. Thika si mbali, lakini siku zile za mkoloni, hukusafiri bila pasi ya ruhusa, hata ingekuwa Ulaya ingekuwa sawa tu. Alipopata ruhusa ya siku moja, alituletea kamba mpya ya katani ya kufungia kuni, na habari iliyomfanya ashindwe kukaa kitini: watu wa redio walikuwa wamekuja kurekodi kwaya ya kanisa lao. Yeye ndiye mwanzishaji wa nyimbo, na wimbo ungetangazwa Jumapili iliyofuata.

"Na sauti inafikaje huku?" nikamuuliza.

"Shika hapa." Akanipa ncha moja ya kamba, akaitikisa ile nyingine, juu chini, juu chini, sawasawa. "Hili ni wimbi. Linakuja tupu, halina neno. Kile kimya chako ndicho hiki." Kisha akaanza kuimba, na mkono ukafuata sauti. Akipaza, kamba inapanda juu. Akishusha, inatulia chini. "Wimbi limebeba mzigo sasa. Redio inaitupa kamba, inabaki na ule ukubwa na udogo. Hiyo ndiyo sauti."

"Na kule hewani kamba iko wapi?"

"Hapo ndipo mafundi wa redio waliponichoka kwa maswali," akasema.

Shosho, nyanya yangu na mama yake, alikuwa ameketi mlangoni akitutazama. Masikio yake yalikuwa yamezibika kabisa tangu homa moja mbaya. Tulipomweleza kwa mikono na midomo kwamba mwanawe ataimba redioni, alifurahi, halafu akauliza polepole, "Sasa mimi nitatazama mlingoti?"

Miaka mingi hakuwa amemsikia huyo kijana wake, na sasa kambi nzima ingemsikia isipokuwa yeye.

Baba mdogo aliporudi Thika, nikampa Shosho ncha ya kamba. Nikamwimbia wimbo wa kanisani aliokuwa akiupenda zamani, huku nikitikisa. Kila nilipopaza sauti, nilitikisa mbio mbio.

"Wee! Unakimbizwa na nani?" Akaiacha kamba. "Mimi si ng'ombe."

Nilifanya hivyo siku tatu, na siku tatu akaiacha. Ya nne, nikichota maji, nikaukumbuka mkono wa baba mdogo. Haukuwa na haraka hata mara moja! Mwendo ulikuwa ule ule, kilichobadilika ni kimo tu. Nikauacha mtungi pale pale, nikakimbia nyumbani, nikamrudishia ncha ya kamba. Nilipofika ubeti wa pili, kichwa cha Shosho kilikuwa kikiitikia.

Jumapili nikamketisha juu ya debe, hatua chache kutoka mlingotini, nikampa ncha ya kamba. Wanawake wakacheka.

"Leo unafunga mbuzi ama unafunga shosho yako?" jirani mmoja akaniuliza.

"Nafunga redio, mama."

Khhhhh. Kimya. Nikaanza kutikisa wimbi tupu. Halafu baba mdogo akaanzisha, peke yake, na kwaya ikampokea kwa kishindo. Mkono wangu ukashuka kwake, ukapanda kwao. Shosho alikuwa amefumba macho, uso mgumu kama mtu anayetafuta sindano kwa vidole. Nikaogopa kwamba hakimwingii kitu.

Mwisho wa mstari wa tatu, baba mdogo akaishika noti moja akakataa kuiachia, kama kawaida yake. Kwaya ikamngoja. Bega likaniwaka moto, lakini kamba sikuishusha. Jirani yule aliyenitania akaja nyuma yangu, akaniinua kiwiko.

Shosho akapasuka kicheko. "Huyo! Huyo ni wangu! Tangu mdogo hajui kuacha. Mwambieni apumue!"

Wimbo ulipokwisha, watu wakaenda kupika. Shosho akatangulia nyumbani akiimba kwa nguvu, sauti ikienda inakotaka.

Mimi nikabaki. Nikaifunga ncha ya kamba kwenye nguzo ya ua, ile ya upande wa Thika, nikarudi nyuma mpaka ikanyooka. Nikaitikisa tupu kwanza, taratibu, ili baba mdogo ajue niko hewani. Kisha nikaipandisha, nikamwambia, "Amekusikia."